Maiti Aliyeamka Akala Pilau

Mkumbi, 22 Septemba 2024

Dada Walburga,

Shikamoo. Hapa nyumbani tumeamka wote, hata mimi, ambaye Devotha anasema nikionekana nje kabla ya jua basi kuna msiba au kuna mnada. Mama hajambo. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni linamkumbusha. Zita yuko kidato cha tatu na sasa anamsahihisha baba yake Kiswahili mezani mbele ya wageni. Kahawa tumemaliza kuchuma, iko juu ya vichanja, na mvua haijatuchungulia kabla ya wakati wake. Natumaini huko Mpanda wodi yako haijakumaliza.

Naandika na sipigi, kwa sababu unazijua simu zetu. Tangu mwaka ule tulipofokeana mpaka salio likakatika, naona karatasi ni salama zaidi. Kwenye karatasi mtu hawezi kumkata mwenzake katikati.

Sasa jambo lenyewe. Dada, tumecheza televisheni.

Usicheke. Mwezi uliopita alikuja parokiani msichana wa Dar es Salaam, anaitwa Shukrani, kichwani kofia, shingoni filimbi kama mwalimu wa michezo. Ndiye mwongozaji wa igizo la maisha ya Yesu la televisheni moja ya Kikristo. Ziwa letu pale Liuli limechaguliwa kuwa Bahari ya Galilaya. Baada ya Misa akasimama akasema anatafuta watu wenye sura za zamani. Zita akageuka akanitazama mimi. Sikupewa hata nafasi ya kukataa.

Tulikwenda wanne: mama, Devotha, Zita na mimi, pamoja na watu wengine wa kigango, Coaster nzima. Mama hajateremka ziwani tangu mwaka ule, lakini safari hii alisema atakwenda, na alipokwisha kusema hivyo nani angembishia.

Nikwambie kweli, mpaka saa sita mchana nilikuwa nimekasirika. Tulivishwa mashuka, tukafungwa kamba kiunoni. Nilivuliwa saa, nikavuliwa miwani, na Yesu mwenyewe alikuwa kwenye gari lenye kiyoyozi akibandikwa ndevu. Sisi hatukuwa na majina. Tuliitwa umati. Umati kaa hapa. Umati simama. Umati msitazame kamera. Mwenyekiti wetu wa kigango, Romanus, mtu aliyejenga kanisa kwa mikono yake, akaambiwa, "Wewe umati mwenye upara, sogea, unang'aa." Watoto wa Liuli walikuwa juu ya mawe wakituangalia kama watu wanaoangalia wendawazimu, na mama mmoja wa Kianglikana aliyekuja na ndoo ya dagaa wa usipa akamuuliza Devotha kama Wakatoliki siku hizi ndivyo wanavyofunga.

Mchana ikaja ile habari ya mjane wa Naini, mwanawe anapelekwa kuzikwa, Yesu anamfufua. Mjane wakamchagua mama. Maiti alikuwa Hyasinti, yule kijana wa jirani yetu. Hyasinti alipoiona machela imetandikwa shuka jeupe akauliza, "Nilale humo nikiwa mzima?" Wakamwambia ndiyo. Akasema anakwenda kujisaidia. Mpaka leo anajisaidia. Tulisikia jioni kwamba alipanda bodaboda mpaka Mbamba Bay.

Ikabidi apatikane maiti mwingine upesi, jua lisihame. Shukrani akatupitisha macho akasema, "Huyu baba mwenye tumbo, tukimfunika halitaonekana sana." Hivyo ndivyo ndugu yako, miaka arobaini na tisa, nilivyopata kuwa kijana wa Naini.

Mama alilia vizuri sana. Shukrani alisema katika kazi yake yote hajaona kitu kama kile, na hakuhitaji kurudia. Kisha Yesu akaigusa machela, nikaamka, watu wakapiga makofi, tukala pilau. Mimi nilipakuliwa kwanza kwa heshima ya kufa.

Itaonyeshwa Desemba. Tangu turudi mama amekuwa mkimya kidogo. Nadhani ni uchovu wa safari.

Mdogo wako,
Urbani


Mpanda, 9 Desemba 2024

Urbani,

Marahaba. Mimi ni mzima. Wodi ni nzima. Msalimie Devotha, na Zita mwambie aendelee kukusahihisha, kazi bado ipo. Salamu zimekwisha.

Jumapili ya tarehe moja nilikuwa zamu ya mchana. Kwenye wodi ya wazazi tuna televisheni ukutani, na akina mama walitaka kuangalia igizo lenu. Nikaegemea meza ya dawa niangalie na mimi, nimwone mama yangu. Miaka sita sijamwona.

Nikamwona. Anatembea kando ya machela, mkono juu ya shuka. Nikasema moyoni amekonda. Kisha akaanza kulia, na kwenye neno la tatu nikajua kwamba mjane wa Naini hayupo pale.

Alimwita Tobias. Mdogo wetu Tobias, ambaye ziwa hilo hilo lilimchukua na hatukupata hata kiatu. Mama yule yule aliyekataa tusikae matanga, aliyesema hatamlilia mtu asiyemwona amelala, ameona mtu amelala chini ya shuka pwani ya Liuli, mkasimama mnamtazama. Alimlilia Kimatengo, kama tunavyolia kwetu, maneno yote nje. Akataja mtumbwi. Akataja upepo wa mwera. Halafu akasema, "Dada yako Walburga alikufungia mlango, ukaenda kutafuta mlango kwenye maji."

Chini ya picha wao wameandika: Ee Bwana, mbona umeniacha. Hakuna aliyewauliza mama anasema nini. Wameona machozi wakayabandika maandishi yao.

Wodini yumo mama mmoja wa Litumbandyosi, anayejua lugha yetu, mumewe ni askari huku, amejifungua mapacha. Alikuwa anacheka na wenzake. Akageuka akanitazama, akatazama kibao cha jina kifuani kwangu. Akasema, "Sista, na wewe si wa Mbinga?" Nikamwambia anywe uji wake.

Kwetu anayelia msiba halaumiwi kwa analolisema. Anasema mara moja, hajibiwi, na matanga yakishaanuliwa hakuna anayelirudia. Ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi. Sasa jina langu limesemwa kwenye mashine inayorudia. Wamesema wenyewe mwisho wa kipindi: kitarudiwa siku ya Pasaka kwa maombi ya watazamaji.

Nina maswali mawili. Kwa nini hukuniandikia hata neno moja la hayo katika barua yako ndefu ya ndevu na pilau? Na ulipokuwa umelala pale chini ya shuka, ulisikia?

Walburga


Mkumbi, 2 Januari 2025

Dada,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika Krismasi ikiwa imepitia Sumbawanga, sijui ilifuata nini huko. Sisi ni wazima. Mvua zimekolea na majani yanaota kwenye mashimo ya ngoro shambani upesi kuliko mgongo wangu unavyoinama. Devotha anakusalimu. Alisoma barua yako kabla yangu na tangu siku hiyo ananipikia bila kusema, mapishi ambayo hayana chumvi ya kutosha.

Nilifanya ulilotaka kabla hujalisema. Nilimpigia Shukrani. Nikamweleza taratibu kwamba ule haukuwa uigizaji, yule bibi alikuwa na msiba wake, na kuna jina la mtu mle ndani. Nikaomba wakitoe kipande kile. Akasema, "Baba, kile ndicho kipande bora cha mwaka mzima, watu wameokoka." Nikamwambia waliookoka nawapongeza, lakini dada yangu hajaokoka, amekasirika. Akasema tulitia sahihi. Kweli tulitia. Mama alitia dole gumba, na mimi ndiye niliyemshikia kidole. Mwisho akaniuliza kama bibi anaweza kuja mwezi wa sita, wanatafuta mtu wa kusimama chini ya msalaba.

Nilikata simu kwa hasira mpaka nikaiangusha kwenye ndoo. Nakuandikia simu ikiwa imelala ndani ya mchele, kama unataka kujua kwa nini haipatikani.

Kuhusu shuka, lilikuwa zito, dada. Ni lile la hospitali, la pamba. Joto la Liuli unalijua, jasho liliingia masikioni, na wale wabebaji wanne walikuwa wa urefu tofauti, nilikuwa nashughulika nisiteleze upande wa Romanus. Kulikuwa na kelele za umati. Mtu aliyelala kwenye machela hasikii kama aliyesimama.

Na kwa kuwa tumeanza kuulizana, na mimi niulize. Mama alikuwa na miaka sabini na miwili Tobias alipopotea, sasa ana sabini na minane. Miaka sita hukukanyaga hapa. Umeleta blanketi, umeleta dawa ya goti, umeleta ile redio. Wewe mwenyewe hujaja. Nani amekuwa akimsikia mama akisimama mlangoni kila Ijumaa, siku ya samaki kuletwa kutoka ziwani, akimuuliza kila mchuuzi kama hajamwona kijana mwenye kovu kidevuni? Ni mimi. Kwa hiyo unaponiuliza kama nilisikia, nitakwambia nimesikia kwa miaka sita. Siku moja ya televisheni isitufanye tusahau.

Nimeandika kwa ukali. Nitaituma hivi hivi kabla Zita hajaisahihisha.

Urbani


Mpanda, 27 Januari 2025

Urbani,

Shikamoo yako naiweka kando kwa sasa. Mama apewe ile dawa ya kupaka niliyotuma, asubuhi na jioni, na isikaushwe juani kama mlivyofanya ile ya kwanza.

Sikukuuliza kuhusu pamba.

Umeuliza kwa nini sikuja. Nitakujibu, kwa sababu naona umeanza kuiamini hadithi yako mwenyewe. Julai 2018, katikati ya kuchuma, wewe na Tobias mligombana. Alisema hawezi kuchimba ngoro maisha yake yote, anataka ziwa. Wewe ukamwambia akishuka ziwani asipandishe tena miguu yake hapa. Akapanda basi akaja kwangu, siku tatu njiani. Akiwa njiani ukanitumia ujumbe. Simu ile ilikufa lakini maneno niliyanakili nyuma ya kadi yangu ya kliniki, na kadi ninayo: "Akifika usimfungulie. Akikosa pa kukaa atarudi shambani akiwa mtu. Ukimpokea utakuwa umemharibu wewe."

Alifika saa tisa mchana, jua kali. Nilikuwa nyuma ya pazia. Aligonga. Akaita dada. Akakaa juu ya ngazi akala mhogo, akafuta mikono kwenye suruali, akagonga tena, akaondoka. Sikufungua. Nilikutii wewe, mdogo wangu, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa nyumbani na mimi nilidhani aliye nyumbani anajua zaidi.

Hakurudi shambani. Alikwenda Liuli. Akampigia mama kwa simu ya mvuvi, akamwambia dada alimfungia mlango, na wiki mbili baadaye mtumbwi ukaonekana upande wa Msumbiji umejaa maji.

Mama hajajua mpaka leo nani aliyesema mlango ufungwe. Sikumwambia. Wewe unajua kwa nini sikumwambia? Kwa sababu anakaa kwako. Anakula uji wa nyumba yako. Nilisema bora amchukie mtoto aliye mbali kuliko yule anayempikia. Hiyo ndiyo sababu sikuja. Ningekaa naye jikoni siku mbili, ya tatu ningesema.

Nilikuwa nimeyabeba hayo. Ningeyabeba mpaka mwisho. Lakini wewe ukalala chali mbele ya kigango kizima, mama akanishtaki juu ya kifua chako, na hukuinuka. Ulikuwa umekufa kwa wakati mzuri sana. Ulingoja mpaka mtu wa Dar mwenye ndevu za gundi akuguse, ndipo ukaamka, ukapigiwa makofi.

Nataka kitu kimoja. Mwambie. Si Shukrani, si padri. Mama. Kabla ya Pasaka, ili siku watakaporudia, jina langu lisiwe peke yake.

Usipomwambia usiniandikie tena.

Walburga


Mkumbi, 5 Machi 2025
Jumatano ya Majivu

Dada,

Shikamoo, hata kama utaiweka kando na hii.

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Februari. Nimechelewa wiki tatu na posta haina kosa. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo, na kila asubuhi nikapata palizi. Sijawahi kuwa mkulima hodari kama Februari hii. Shamba letu halina jani hata moja, majirani wanakuja kulitazama.

Nilisikia. Nianze na hilo. Shuka lilikuwa jepesi, nilikuwa naona hata kivuli cha ndege. Nilisikia kila neno, na mkono wa mama ulikuwa hapa kifuani. Aliposema jina lako nilijua linalofuata ni langu. Nikafumba macho chini ya shuka, nikangoja. Akataja upepo, akataja mwenye mtumbwi aliyemruhusu Tobias kutoka. Mimi hakunitaja. Dada, nikwambie jambo ambalo Jumamosi kwenye kitubio nililipita pembeni: nilifurahi. Mama yangu analia juu yangu, anamlilia mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimelala pale nimefurahi kama mtoto ambaye mwalimu ameruka jina lake.

Ndiyo maana nilikuandikia ndevu na pilau. Mimi huwa nachekesha nikiwa na kitu mfukoni. Umenijua tangu utoto, ulipaswa kunipekua.

Leo nimemwambia. Tulitoka kanisani, bado tuna majivu kwenye paji, akakaa jikoni kuchambua maharage. Devotha alikuwepo. Nilimwambia nimesimama, sikuthubutu kukaa. Nilisema ujumbe ule neno kwa neno kama ulivyouandika, sikuongeza la kujitetea, ingawa nilikuwa nayo mengi na baadhi ni mazuri.

Hakuacha kuchambua. Akaniuliza, "Alipogonga, dada yako alikuwa ndani?"

Nikasema alikuwa ndani.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Shambani, mama."

"Ukifanya nini?"

"Nikichuma."

"Ukapata magunia mangapi mwaka ule?"

Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Kumbuka." Nikasimama pale mpaka nikakumbuka. Tisa, na nusu. Akarudia, "Tisa na nusu," akaendelea na maharage yake.

Baadaye akainuka, akachukua godoro lake, akalikokota mwenyewe mpaka kwenye kile chumba cha kuhifadhia kahawa, na goti lile. Nilipotaka kumsaidia akasema, "Kaa shambani." Jioni nilimpelekea uji, ukarudi. Devotha akaupeleka ule ule, akanywa.

Nimeumia, dada, na nimekukasirikia pia, sitakuficha. Ungeweza kuufungua ule mlango. Ujumbe wangu haukuwa na kufuli. Lakini hilo ni la kwetu wawili, tutalimaliza tukiwa tumekaa.

Urbani


Mkumbi, 16 Machi 2025

Walburga mwanangu,

Anayesema ni mimi mama yako, Gertruda. Anayeandika ni Urbani. Zita yuko hapa kwa likizo na alitaka kuandika, nikakataa, nataka mkono huu uandike. Ninasema kwa lugha yetu, yeye anaweka Kiswahili, na Zita atanisomea kwa sauti kabla bahasha haijafungwa. Kwa hiyo ajihadhari.

Mimi ni mzima. Goti ni langu, nimelizoea. Dawa yako inanuka lakini inafanya kazi. Ninalala chumba cha kahawa, ni kikavu, kuna panya mmoja tu naye ana adabu kuliko watu wengine. Aandike hivyo hivyo. Ameandika.

Nilisema mbele ya ziwa kwamba ulimfungia ndugu yako mlango. Ulimfungia. Hilo silifuti, na usinililie kwamba uliambiwa. Ulikuwa mtu mzima, mkono ni wako, kitasa ni chako. Miaka sita nimekukasirikia na nilikuwa na haki. Lakini sikujua mlango ule ulishikwa na watu wawili. Nilikula uji wa mmoja huku namtukana mwingine. Kwa hilo nimejikasirikia mimi pia, na katika umri wangu si kazi ndogo.

Sasa sikiliza. Romanus alikuja hapa na wazee wawili kuniambia ule msiba umekwisha, kwamba nimekwisha lia, maneno nimekwisha sema, na sasa nianue matanga nipumzike. Nikawauliza, msiba gani? Nimemzika baba yenu. Nimezika watoto wawili kabla yako. Nimekaa misiba ya Mkumbi nzima. Sijaona hata siku moja maiti aliyeamka akakaa kwenye mkeka, akala pilau, akaomba na pilipili. Huyu aliomba pilipili, Walburga. Nilimwona kwa macho yangu. Wazee wakainamisha vichwa. Romanus alitaka kucheka akakohoa.

Basi ule haukuwa msiba. Tobias hajaliliwa. Na kama hajaliliwa, niliyoyasema hayajakwenda naye, bado ni yangu, nayachukua. Hao wa televisheni wakirudia siku ya Pasaka waache warudie. Watakuwa wanaonyesha bibi anamlilia mtu aliyeshiba.

Sisi Pasaka tutakuwa Liuli. Jumatatu yake asubuhi tutakwenda pale pale. Sina mwili, lakini koti lake la mvua ninalo, lile la kijani, halijafuliwa tangu alipoondoka. Tutaliweka kwenye machela, tulibebe mpaka kwenye mchanga wa juu, tulizike. Nitalia tena, na safari hii nitasema yote, majina yote. Baada ya hapo nitanyoa, nitaanua, na hakuna atakayerudia neno.

Romanus ameleta majina ya wabebaji wanne. Nimeyakataa. Koti si zito. Mtalibeba wawili, Urbani mbele, wewe nyuma. Najua kwetu mwanamke habebi. Siku hiyo utabeba. Mlango mliushika wawili.

Usipokuja nitalibeba mimi huo upande wako, na goti langu unalijua.

Mama yako.

Mimi Urbani nimeandika yote kama alivyosema. Zita amesoma. Amenirudisha mahali pawili nilipokuwa nimepunguza.


Mpanda, 2 Aprili 2025

Urbani,

Nimepata ruhusa ya siku kumi. Nitafika Mbinga Alhamisi Kuu. Usije stendi, mtume Devotha au Zita. Sitaki kukuona kwa mara ya kwanza kati ya watu wanaouza karanga.

Nimesoma ulichoandika kuhusu kufuli. Ni kweli halikuwepo. Bado nina hasira na wewe na sijui zitakwisha lini, lakini hilo ni kweli.

Mwambie mama ahamie chumbani kwake kabla sijafika. Akikataa, nitalala naye kwenye chumba cha kahawa, na wewe utafute mahali pa kumhamishia panya.

Bega langu la kulia ni bovu kwa kuinua wagonjwa, kwa hiyo machela nitaishika chini, kwa mikono, si begani. Na wewe ushike hivyo hivyo ili isiinamie upande wangu. Tembea polepole. Usigeuke nyuma kunichekesha. Nitakuwa naangalia mgongo wako njia nzima.

Shikamoo zako mbili zilizobaki bila jibu ninazo. Nitazijibu tukishalishusha lile koti.

Walburga